Mwaka wa Kuitwa Daktari

Siku yangu ya kwanza kazini niliitwa daktari mara nyingi kuliko nilivyoitwa kwa jina langu. Ilikuwa mwaka 2023, ufuta umeshavunwa, katika zahanati ya kijiji kimoja cha pwani wilayani Kilwa. Ni nyumba ya vyumba vitano, vitanda viwili vya kupumzishia wagonjwa, na mbele yake mkungu ambao chini yake akina mama huketi na watoto siku za kliniki. Watumishi tulikuwa watatu: mganga mfawidhi, muuguzi mkunga wa kike ambaye kijiji kizima kilimwita Mama, na mimi, kijana wa Kimwera kutoka upande wa Nachingwea, mwenye stashahada ya uuguzi na ukunga.

Bibi wa kwanza kuingia alimpita Mama, aliyekuwa kazini kwa zaidi ya miaka ishirini, akaja mpaka nilipokaa. "Daktari, mwanangu, kichwa kinanigonga." Mama hakuinua uso kwenye kitabu cha MTUHA, rejista ya zahanati. Alikuwa amezoea. Mimi nilipaswa kusema, "Bibi, mimi muuguzi." Sikusema. Nilimpima presha, nikamwelekeza chumba cha mfawidhi, na lile jina likabaki kwangu hadi jioni, na kesho yake, na wiki iliyofuata.

Wazee husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Niliivaa ya kwangu miezi miwili. Kisha usiku mmoja baba mmoja alikuja mbio na mtoto wa miaka mitatu mabegani, degedege limemshika, mwili unawaka. Mfawidhi alikuwa kijiji cha pili. Yule baba aliniita daktari mara tatu kwa pumzi moja, nami nikaanza kufanya kile nilichodhani daktari angekifanya: kutafuta mshipa kwenye mkono mdogo ule, taa ya simu mdomoni, vidole vikinitetemeka, badala ya kumpigia simu mfawidhi au kumwita Mama, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua hamsini tu. Alikuja mwenyewe, ameamshwa na kilio. Hakunigombeza. Alimlaza mtoto kiubavu, akamweka dawa ya malaria kali, ile inayopita njia ya haja kubwa kabla ya rufaa, akaniambia nipige simu ya gari. Mtoto alipelekwa hospitali ya wilaya, akapona. Mimi sikulala siku mbili. Tangu hapo kila aliyeniita daktari nilimsahihisha, ingawa wengi hawakusahihishika.

Nimelitafakari sana jina lile, kwa nini linaniandama. Si ujinga wa watu. Pwani hii inamjua mwanamume wa dawa kwa majina mengi: mganga, shehe anayeandika kombe, ngariba. Wote hao huja, hutoa, huondoka. Mwaka 1905, katika vilima vya Umatumbi, si mbali na tulipo, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyoaminiwa kuigeuza risasi ya Mjerumani iwe maji, na jina lake tunalisoma shuleni hadi leo. Pale Kilwa Kivinje palikuwa na mwembe ambao, inasimuliwa, Wajerumani waliwanyongea wapiganaji wa Maji Maji, Mwembe Kinyonga, na hospitali ya wilaya yetu nayo inaitwa Kinyonga. Nikimsindikiza mgonjwa wa rufaa pale, huwa nawaza kwamba historia imetutunzia jina la aliyetoa maji, wala haikutunza jina hata moja la waliokaa usiku kucha na majeruhi, wakawaosha na kuwanywesha uji. Huenda wengi wao walikuwa wanawake. Kwa hiyo mwanamume anapoingia chumbani na sindano, mtu wa Kilwa anamweka kule anakomjua, kwa mtoa dawa. Kumwona anakaa ndiko kunakomshangaza.

Na lugha yetu haikuwa na ubaguzi huo. Mtu huugua, anayemkalia katika ugonjwa wake humuuguza, naye huyo ni muuguzi. Ngeli ya watu haichagui mume wala mke. Ni neno la nyumbani kabla ya kuwa la hospitali: mtoto humuuguza mzazi, mke humuuguza mume, na wapo waume wasiosemwa sana ambao wamewauguza wake zao miaka. Neno lililokuja limevaa gauni ni "nesi", na "sista" baada yake. Florence Nightingale alipofungua shule yake London mwaka 1860, aliifungua kwa ajili ya wanawake, na sura ile ikasafiri na meli na misheni mpaka huku. Vijana wa mpirani waliponiuliza kama nami nitashonewa gauni, walikuwa wanaliuliza neno, si kazi. Hata mzee niliyepeleka posa kwake, mwaka wangu huo wa kwanza, nilipomwambia mimi ni muuguzi, alinyamaza kidogo, akasema, "Yaani daktari." Alikuwa ananisaidia. Nilimwambia hapana, ni muuguzi, na mazungumzo ya mahari yakaahirishwa kwa wiki mbili.

Lakini huku kusini kwetu kuna jambo ambalo vijana wengi hatukuambiwa. Wengi wa wenyeji waliotangulia kuingia wodini walikuwa wanaume. Zama za Mwingereza, wazazi wengi hawakukubali binti zao waende kulala misheni na kuosha watu wasiowajua, hivyo kazi ikashikwa na madresa. Hao ndio waliosafisha donda ndugu, wakashika trei wakati watu walipopanga foleni kutoka vijiji vya mbali kufuata sindano ya buba. Daktari Leader Stirling alipofika Lulindi mwaka 1935, kabla hajahamia Mnero, ndani ya wilaya ya kwetu Nachingwea, hakuwa na hospitali ya maana ila ile ya miti na udongo. Stirling akaja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, kuanzia 1975 hadi 1980, na jina lake limo vitabuni. Madresa hawamo. Kijijini kwetu alikuwepo mmoja, mzee sana nilipokuwa mdogo, mwenye kaptura iliyopigwa pasi na beseni la bati jeupe lenye ukingo wa buluu. Watoto tuliokatwa na jembe tulipelekwa kwake. Aliosha kidonda bila haraka, akikuuliza habari za shule ili usiangalie mguu. Naye alikuwa akiitwa daktari. Sijui kama aliwahi kusahihisha.

Na kabla ya dresa kulikuwa na kumbi. Nilipelekwa jandoni nikiwa na miaka tisa, msimu wa kiangazi, baada ya mavuno, kama wenzangu. Mambo ya kumbi si ya kuandikwa gazetini, nami sitayaandika. Nitasema hili moja tu, ambalo halina siri: kule hakuna mama. Mwari akilia usiku, anayeamka ni mwanamume. Anayempulizia kidonda, anayeyachemsha majani na kuyapoza mpaka yawe ya vuguvugu, anayemlisha ugali kwa mkono wake mwari asiyeweza kuchuchumaa, ni mwanamume, na ni mwanamume mwenye sauti kali mchana. Nilikuwa na kungwi ambaye kila alfajiri alinishika kisigino, akauinua mguu, akatazama, akaurudisha chini taratibu kana kwamba ni yai. Miaka kumi na minne baadaye, chuoni, mwalimu alipotufundisha namna ya kuushika mguu wa mgonjwa wakati wa kubadili kidonda, nilijua tayari. Siku hizi wavulana wengi hutahiriwa hospitali, na nafurahi, kwa sababu wanatoka salama. Lakini watoto wa kiume wa leo wengi watakua bila kumwona mwanamume mzima akiamka usiku kwa ajili ya kidonda cha mtu, na hilo linanisumbua.

Mwaka wa kwanza ulinionyesha kwamba kuna maradhi ambayo kama si mwanamume kukaa pale mlangoni, yangebaki ndani ya msuli. Mzee mmoja, mvuvi mstaafu, alikuja kupima presha mara tano kwa mwezi mmoja. Presha yake ilikuwa nzuri. Mara ya tano alisubiri Mama aende kuchanja watoto, akafunga mlango mwenyewe, akakaa, akanyamaza. Nilijifanya naandika. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe umepita kumbi?" Nikasema nimepita. Akafungua msuli.

Mabusha katika pwani yetu si kitu kigeni. Wengine husema yanatokana na kunywa madafu, wengine na baridi ya bahari, wengine humlaumu mwenyewe kwa mambo ya wanawake. Chanzo ni mnyoo mdogo unaosambazwa na mbu, yuleyule anayeleta matende. Dawa za kinga hugawiwa vijijini, na nchi yetu ilianza ugawaji huo Mafia, mwaka 2000. Lakini busha likishajaa, dawa hiyo haiwezi kulipunguza. Linahitaji upasuaji, nao si mkubwa. Mzee yule alikuwa amelibeba miaka kumi na saba. Alikuwa ameacha kwenda msikitini Ijumaa kwa sababu kusujudu kulimwaibisha. Alikuwa ameacha kupanda chombo. Kwa Mama asingeweza kusema, si kwa dharau. Mama alikuwa rika la binti yake, na aibu ya mzee mbele ya binti yake ni kitu kizito kuliko maji ya busha. Nilimwandikia rufaa, nikaenda naye hospitalini, nikasimama upande wa kichwani wakati wa kuchomwa ganzi, kwa sababu aliniomba. Mwezi uliofuata walikuja wengine wanne, mmoja mmoja, kila mmoja akianza na presha.

Wenzangu wa kiume tuliokutana kwenye mafunzo Kilwa Masoko walikuwa na habari kama hizo. Mmoja alikuwa Songosongo, kisiwa ambacho gesi yake inapelekwa bara kwa bomba tangu 2004, ilhali mama mwenye uchungu uliokwama bado hupelekwa kwa boti. Alisimulia kuvuka na mgonjwa wakati wa kusi, ameushika mkono wake njia nzima maana hapakuwa na jingine la kushika. Mwingine alikuwa bado anaona vibaya kubeba chombo cha haja mbele ya watu. Alikuwa akikifunika kwa gazeti. Hatukumcheka. Kila mmoja wetu alikuwa na gazeti lake.

Upande wa pili wa jambo hili ni chumba cha kujifungulia, na huko sina jibu jepesi.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitupiga. Mvua zilikuwa zimeshaijaza ardhi tangu Aprili, na barabara ya Dar es Salaam ilikatika huku Somanga. Mama alikuwa likizo Dar. Akakwama upande ule. Mfawidhi alikuwa Masoko kufuata dawa. Usiku wa pili wake aliletwa mwanamke kwa pikipiki, mimba ya tatu, chupa imeshapasuka, yuko na shangazi yake na bibi mmoja aliyekuwa mkunga wa jadi wa kijiji zamani, kabla ya akina mama kuhimizwa wote waje zahanati. Bibi alitazama ndani, akatazama nyuma yangu. "Hakuna mwanamke humu?"

"Mama yuko Dar, bibi. Barabara imekatika."

Mwanamke alifumba macho, akamgeukia shangazi yake. Alisema jambo ambalo nililisikia, na ambalo nalielewa mpaka leo: afadhali arudi nyumbani. Nilitaka kusema kwamba nimesoma, kwamba nimeshazalisha chuoni, kwamba mikono haina jinsia. Kweli zote hizo zingekuwa za kunitetea mimi. Bibi alivua kanga yake ya juu, akaitanda kuanzia kiunoni mwa mwanamke hadi kwenye ukingo wa kitanda. "Mwanangu," akaniambia, "fanya kazi yako humo chini. Kusema, nitasema mimi."

Ndivyo tulivyofanya. Kila nilipotaka kupima, nilimwambia bibi, bibi akamwambia yeye, naye akamjibu bibi. Niliona kwa vidole. Mtoto alitoka saa tisa na robo, msichana, akalia papo hapo. Nikamchoma mama sindano ya paja, yuniti kumi, kama inavyotakiwa, kondo likatoka, kisha damu ikaanza kuja kwa wingi nisioupenda, na tumbo chini ya kiganja changu lilikuwa laini. Nikalisugua. Nikalisugua huku nimehesabu sijui hadi ngapi, bibi akisoma dua kwa sauti ndogo, mpaka nikalisikia limekaza kama nazi changa, na damu ikapungua, ikasimama. Nje mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba mume, aliyekuwa barazani, hakusikia kilio cha mtoto.

Nilipotoka kunawa nilimkuta amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Hakuuliza mtoto gani. Aliuliza, "Nani alikuwa ndani?"

Bibi alikuwa nyuma yangu. "Mimi," akasema.

Nikanyamaza. Katika kitabu cha MTUHA niliandika jina langu kwenye safu ya aliyezalisha, kwa sababu kitabu lazima kiseme kweli. Lakini pale barazani nililiachia jina langu liondoke, na sikuona nimepungukiwa na chochote. Watu wa pwani wanalo neno sitara, nami nilikuwa nimelisoma kama neno la mavazi. Usiku ule lilikuwa kanga moja iliyolowa damu na jibu la silabi mbili.

Sidhani kwamba mwanamke yule alikosea kutaka mwanamke. Nasema hivi nikijua kuna wenzangu watakaokasirika. Anayetaka mkunga wa kike anastahili kumpata, na zahanati yenye mkunga mmoja wa kike kwa vijiji vitatu inamdhulumu yeye kabla ya kunidhulumu mimi. Lakini barabara hukatika. Siku barabara inapokatika, lazima awepo mtu aliyejua kazi, naye ajue pia namna ya kuwepo bila kuonekana. Hilo la pili chuoni halina mtihani. Yule mama alipoleta mtoto kliniki alivuta ushungi, akamtazama mwanawe muda wote nilipokuwa nampima uzito. Hatujawahi kusalimiana kwa macho. Mtoto alikuwa anaongezeka vizuri.

Tarehe 12 Mei ilikuwa Siku ya Wauguzi Duniani. Barabara bado ilikuwa mbovu, Mama hajarudi. Kwetu hakukuwa na sherehe. Nilifua mashuka, nikayaanika kwenye kamba kati ya mkungu na tangi la maji.

Mwaka wangu wa kwanza uliishia kwenye nyumba ya mzee mwingine, nahodha wa zamani wa majahazi, aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia, ulimi nao ukafungika. Mkewe alikuwa mzee kama yeye na mdogo wa umbo, hakuweza kumgeuza. Wanawe wawili walikuwa mbali, kwenye dagaa. Alipata vidonda vya kulala, mgongoni na nyongani. Nilikuwa nakwenda jioni baada ya kazi. Siku ya kwanza nilipomvua ili nimsafishe, aligeuza uso ukutani, na chozi likamtoka kwenye jicho lililobaki na nguvu. Nilifanya alivyofanya yule dresa wa kijijini kwetu: nikamsimulia habari. Nilimuuliza pepo za kaskazi, nikijua hawezi kujibu, nikajijibu mwenyewe nikikosea makusudi, mpaka akakunja uso kwa kukereka na upuuzi wangu, na uso ukarudi upande wangu.

Alikuwepo mjukuu, kijana wa miaka kumi na tano. Mwanzoni alikuwa anatoka nje nikifika. Nikamwambia ashike taa. Kisha ashike beseni. Kisha nikamwonyesha: mkono mmoja chini ya bega, mwingine nyuma ya goti, vuta kwako, usisukume. Kila saa mbili, usiku na mchana. Aliweka kengele ya simu. Wenzake wakimwita mpirani aliwaambia anakuja, na hakwenda hadi kengele ilie. Kidonda cha nyonga kilifunga. Cha mgongoni hakikuwahi.

Mzee alifariki alfajiri, mwezi wa saba, wakati wa maji kupwa. Nilikwenda kutoa pole, nikakaa barazani na wanaume wengine. Mwosha huoshwa, na waosha wa kijiji kile walikuwa wazee wawili, mmoja mkono wake umeanza kutetemeka. Alinijia. "Njoo wewe," akasema. "Wewe unaujua mwili wake."

Ufuo ulikuwa umeshachimbwa, kitanda kimewekwa juu yake, mapazia ya kanga yamezungushwa. Majani ya mkunazi yalikuwa kwenye ndoo moja, kafuri kwenye nyingine. Tulikuwa wanne: wazee wawili, mimi, na mjukuu ambaye hakuna aliyemwita na hakuna aliyemtoa. Ilipofika wakati wa kumlaza ubavu wa kushoto ili tuanze na wa kulia, nilipitisha mkono chini ya bega, na kabla sijapitisha wa pili nikakuta goti limeshashikwa. Tukavuta pamoja. Kidonda cha mgongoni kilikuwa safi. Kijana alikuwa amekibadili usiku uleule.

"Taratibu, daktari," akasema mzee mwenye mkono wa kutetemeka.

"Huyu ni muuguzi, babu," kijana akasema kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwa marehemu.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akamimina maji.